Kiwanja cha mtaa kibaki cha mtaa: namna ya kuunda jumuiya ya kukisimamia, Unguja na Pemba

Viwanja vyetu vya mpira na sehemu za watoto kuchezea haviondoki kwa siku moja. Huanza kibanda cha mbao pembeni, kikafuata kifusi kilichomwagwa "kwa muda tu", halafu msingi wa mawe mstari mmoja, na baada ya masika mbili timu imeshahamia mtaa wa pili. Wakati wote huo kila mtu anajua kuwa kiwanja ni cha mtaa, ila hakuna mwenye karatasi ya kulisema hilo mbele ya ofisi. Maelezo haya ni kwa watu wa mtaa au kijiji wanaoitaka hiyo karatasi, na wanaotaka kukiendesha kiwanja wenyewe.

Kinachowezekana na kisichowezekana

Marekani, wakazi wa eneo wanaweza kukusanya saini, kupiga kura na kuunda mamlaka ndogo ya bustani na michezo yenye mipaka yake, bodi yake ya kuchaguliwa na kodi yake. East Bay, upande wa pili wa ghuba ya San Francisco, walipiga kura ya namna hiyo 1934, uchumi ukiwa hoi, na mamlaka yao ipo mpaka leo. Zanzibar mlango huo haupo. Kodi na ada ni za Serikali Kuu na za mabaraza yaliyo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014. Jumuiya ya mtaa haiwezi kumtoza mtu kwa lazima, na ikijaribu itajikuta inaulizwa maswali na Baraza hilo hilo inalolihitaji.

Lakini katika mambo manne ya mamlaka kama ile, matatu mnaweza kuyapata: mipaka inayotambuliwa, kamati iliyochaguliwa, na haki ya kupanga nani anatumia kiwanja lini. La nne, yaani kodi, mtalifidia kwa michango na kwa mapato mtakayoruhusiwa katika mkataba. Mfano tunao hapa hapa. Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996 inawaruhusu wanakijiji kuingia mkataba na Serikali wa kusimamia msitu wao, na vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani vina jumuiya yao, JECA. Ombeni kuuona mkataba mmoja wa msitu wa jamii kabla hamjaandika wenu. Mtakuta ramani, kanuni ndogo, kamati, na orodha ya nani anafanya nini. Mkataba wa kiwanja ni mdogo wake.

Ardhi kwanza, jumuiya baadaye

Watu wengi huanza kwa kuchagua mwenyekiti. Anzeni na ardhi. Jumuiya iliyosajiliwa vizuri juu ya kiwanja kisichojulikana ni cha nani ni kazi ya bure.

Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais. Mtu hupewa haki ya matumizi. Kwa hiyo swali ni nani ana haki ya matumizi ya eneo lenu, na majibu yake si mengi:

– Baraza la Manispaa, Baraza la Mji au Halmashauri. Hapa ndipo pepesi, kwa sababu mnayezungumza naye ni mmoja.

– Skuli. Kiwanja kikiwa ndani ya eneo la skuli, mkataba ni na Wizara ya Elimu kupitia mwalimu mkuu, na saa za masomo si zenu.

– Eka tatu. Shamba viwanja vingi viko juu ya maeneo waliyogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi. Aliyepewa, au warithi wake, alipewa kulima. Mzee aliyeruhusu mpira miaka thelathini akifariki, watoto wake hawafungwi na ruhusa ya mdomo.

– Wakfu. Ulizeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kiwanja cha wakfu hakiuziki, jambo zuri kwenu, lakini lazima matumizi yafuate alichokusudia aliyeweka wakfu.

– Ardhi ya wazi isiyogaiwa, pamoja na uwanda wa mawe wa vijiji vya kusini na mashariki. Hii ndiyo ya hatari zaidi, maana kila mtu huiona ni ya wote mpaka siku inapogaiwa.

Nendeni Kamisheni ya Ardhi mkiwa na barua ya Sheha na mchoro wa eneo, muombe waangalie linavyosomeka kwenye ramani zao. Kwa mjini, muulize na ramani za mipango miji za zamani, ya 1958 na ya 1982. Kiwanja kilichowekwa rangi ya eneo la wazi tangu wakati huo kina hoja nzito. Na kama shehia yenu iko kwenye zoezi la utambuzi wa ardhi, hakikisheni siku wapimaji wanapita kuna mtu wa kamati amesimama pale anasema "hapa ni pa umma". Asipokuwepo msemaji, majirani wa pande nne watasema, kila mmoja akisogeza mpaka wake hatua tatu.

Barua ya Sheha si hati ya ardhi. Tunalisisitiza hili kwa sababu limeponza mitaa mingi. Sheha anathibitisha kuwa anawajua na kuwa eneo liko katika shehia yake, basi.

Mkishajua, lipimwe na mpimaji mwenye leseni. Simu inaweza kukosea mita kadhaa, na mita tano kwenye ukingo wa kiwanja ni nafasi ya duka. Wekeni mawe ya mpaka kila pembe, halafu pandeni kitu kinachoonekana katikati yake: mchongoma kila sentimita 40, au miti. Ua wa mchongoma hauhitaji saruji, hauibiwi, na mtu akiukata usiku asubuhi kila mtu anaona.

Kiwanja kamili cha mpira ni mita 105 kwa 68. Ongezeni mita tatu kila upande za kuchupa nje, mtapata 111 kwa 74, kiasi cha eka mbili. Kama hamna eka mbili msilazimishe: 60 kwa 40 kinawatosha vijana, na kinaacha nafasi ya netiboli, ambayo inataka mita 30.5 kwa 15.25 tu.

Watu

Mkutano wa kwanza uitishwe kupitia Sheha, ufanyike skuli au chini ya mti kiwanjani penyewe. Usifanyike tawi la chama chochote wala kwenye maskani. Wasomaji wa Zanzibar hawahitaji kuelezwa sababu. Kikao kikikaa upande mmoja, nusu ya mtaa haitokuja, na ile nusu iliyokuja itaonekana imeteka kiwanja. Katika katiba andikeni wazi: hakuna bendera, hakuna rangi, hakuna kiongozi wa chama wa ngazi yoyote kwenye kamati. Mkutano wa kampeni ukitaka kiwanja, uombe kwa Baraza kama sheria inavyotaka, na kamati isionekane upande wowote.

Kamati ya watu tisa inatosha. Wawe na mwakilishi wa timu za mpira mmoja tu (watataka watatu), wa netiboli, wa skuli au madrasa, wa wazee, wa wafanyabiashara wa pembeni, mama wawili wenye watoto wadogo, mtu mwenye ulemavu, na mmoja anayejua hesabu za fedha. Sheha asiwe mwenyekiti. Yeye huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na mkigombana nyinyi kwa nyinyi ndiye mtakayemwendea. Hawezi kuwa mchezaji na refa. Awe mlezi, apewe nakala ya kila muhutasari.

Chukueni majina na saini za waliohudhuria, namba ya nyumba na shehia. Orodha hiyo mtaiambatanisha kila mahali.

Katiba na usajili

Sajilini kama jumuiya kwa Mrajis wa Jumuiya, si kama klabu ya michezo. Klabu ni ya wanachama wake na inataka kushinda mechi; jumuiya ni ya wakazi. Tofauti hii huonekana siku timu kubwa inapotaka mazoezi kila jioni. Orodha ya masharti na ada chukueni ofisini kwa Mrajis kabla ya kuandika katiba, msikopi ya jumuiya nyengine iliyosajiliwa zamani.

Vifungu vinavyosahauliwa ni vitatu. Kwanza, mwanachama ni nani: mkazi wa shehia zilizotajwa, mwenye miaka 18, bila sharti la kuwa mchezaji. Pili, muda wa uongozi: miaka mitatu, mara mbili basi. Tatu, jumuiya ikivunjika mali inakwenda wapi. Iandikwe kuwa inakwenda kwa skuli au taasisi ya umma ya eneo hilo, isigaiwe wanachama. Afisa wa Baraza akiona kifungu hiki cha tatu huanza kuwaamini.

Mkataba na Baraza

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Barua ya maombi ipitie kwa Sheha, iende kwa Mkurugenzi wa Baraza, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Kila nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri haikupelekwa.

Ukiwa Mji Mkongwe, kuna mlango wa ziada. Mji ule umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na hata benchi la saruji linataka ridhaa ya mamlaka inayohifadhi Mji Mkongwe. Msimwage zege kwanza.

Mambo ya kuweka ndani ya mkataba:

Ramani iliyopimwa, iwe kiambatanisho chenye saini. Mkataba unaosema "kiwanja cha mpira kilichopo karibu na msikiti" hauna nguvu msikiti ukipanuliwa.

Muda. Ombeni miaka kumi. Chini ya mitano msikubali kupanda miti wala kufunga bembea, kwa sababu mtakuwa mnamtengenezea mtu mwengine.

Matumizi yaliyokatazwa, moja moja: kujenga, kuegesha magari usiku, kumwaga taka na kifusi, kufyatua matofali, kuchimba mchanga.

Nani anabeba taka na mara ngapi kwa wiki. Nani analipa maji na umeme. Kama bili ya umeme ni ya Baraza, mita iwe kwa jina la Baraza.

Mapato. Ada za wafanyabiashara ni za Baraza. Jumuiya ikikusanya hata shilingi mia tano kwa muuza urojo bila kuandikwa kwenye mkataba, hiyo ni fedha ya Serikali imechukuliwa. Ombeni mgao ulioandikwa kwa asilimia, au ruhusa ya kukodisha kiwanja kwa siku maalumu tu.

Kusitisha: taarifa ya maandishi ya siku 90, yenye sababu, na kikao cha pande mbili kabla haijaanza kazi. Bila kifungu hiki mtapata simu ya Ijumaa jioni.

Rasimu ionwe na mwanasheria wa Baraza na wakili wenu. Kisha ipite kwenye kikao cha madiwani, na tarehe ya kikao itajwe ndani ya mkataba. Wakurugenzi huhamishwa, uamuzi wa kikao hubaki kwenye kabrasha.

Fedha

Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili lazima watie saini kila mara, na wasiwe ndugu. Bajeti ipangwe kwa wanaolipa, si kwa wanaoahidi. Mfano, mtaa wa nyumba 300 na mchango wa shilingi 2,000 kwa mwezi: usiandike 600,000. Andika 200,000, kama vile theluthi moja tu italipa, na mshahara wa mfagiaji utoke humo kwanza. Zaidi ikija iwekwe kwa nyavu, rangi na mchanga. Hesabu zibandikwe msikitini na dukani kila miezi mitatu, hata kama ni karatasi ya mkono. Mchango hufa pale watu wanapoanza kuuliza kwa kunong'ona.

Fedha kubwa za mara moja, kama za kupima eneo au uzio, ziombwe Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Ombeni mkiwa na ramani na makisio ya fundi yenye saini, maana ombi la "kusaidia kiwanja chetu" huwekwa chini ya mengine.

Siku nne za Sikukuu ndizo za mavuno. Viwanja vya kufurahishia watoto, kama Kariakoo mjini na Tibirinzi Chake Chake, hufurika, na mtaa wenye nafasi unaweza kuwa na chake kidogo: bembea, wauza juisi na midoli. Pangeni nafasi za mita tatu kwa tatu, zenye namba zilizochorwa kwa chokaa, njia ya mita nne katikati kwa gari la wagonjwa, na mlango wa kuingilia mbali na wa kutokea. Mapato ya siku hizo yahesabiwe na watu watatu usiku huo huo, si kesho.

Ratiba

Bila ratiba, wakubwa wenye mpira huchukua kila jioni. Baina ya saa kumi na magharibi ndiyo saa pekee yenye kivuli na nafasi, kwa hiyo igaweni kwa siku: timu kubwa siku tatu, vijana chini ya miaka 15 siku mbili, netiboli na wasichana siku mbili kamili, si nusu saa ya mwisho. Siku za wasichana ziwe na pazia au ua upande wa barabara kama wenyewe wanataka. Waulizwe wao, wasiamuliwe. Asubuhi mapema ni ya wanaofanya mazoezi ya kutembea. Ramadhani ratiba hugeuka, michezo huhamia baada ya tarawehe, na hapo taa na majirani huwa suala. Wekeni saa tano usiku kuwa mwisho.

Pemba, na vijiji vya Unguja pia, msimwandikie mtu faini kwa kuanika. Msimu wa karafuu sehemu tambarare hutandikwa majamvi, na vijiji vya pwani huanika dagaa. Tengeni ukanda wa mita kumi upande mmoja, mbali na goli, muandike kwenye ratiba. Mkikataza mtashindwa, na mtapoteza watu waliokuwa upande wenu.

Kiwanja chenyewe

Kabla ya kuleta hata toroli moja ya udongo, kaeni na kiwanja mvua moja kubwa ya masika, na kama ni karibu na bahari, bamvua moja. Mnazi Mmoja palikuwa na mkono wa bahari uliofukiwa, na wakati wa bamvua maji ya chumvi bado huzitafuta njia zake za zamani. Pahala kama hapo kujaza juu hakusaidii kama mtaro unaleta maji kutoka chini.

Wataalamu hutaka mgongo katikati, mteremko wa asilimia moja kila upande. Hesabuni kwanza. Kwa kiwanja cha upana wa mita 68 ni sentimita 34 katikati, ambayo ni zaidi ya mita za ujazo 1,200, yaani zaidi ya safari 170 za gari la mita za ujazo saba. Hakuna mtaa wenye fedha hiyo. Fanyeni hivi: chimbeni mtaro wa sentimita 40 kwa 40 upande wa chini na ule wa juu, muelekeze maji penye njia yake, kisha jazeni mabonde tu, kwa tabaka za sentimita 15 zikishindiliwa na kumwagiwa maji. Kifusi cha ujenzi kichekechwe. Misumari na chupa hutoka juu baada ya mvua ya kwanza. Mchanga wa ufukweni msichukue: ni kosa, na chumvi yake inakula chuma.

Mistari ya kiwanja ielekee kaskazini na kusini, ili golikipa asipigwe na jua la jioni. Pembe zipimwe kwa kamba ya pembetatu yenye pande za mita tatu, nne na tano. Mkimaliza, kutoka pembe hadi pembe ya kiwanja cha 105 kwa 68 iwe mita 125 na sentimita 10. Ikizidi au kupungua nusu mita, kiwanja kimepinda.

Miti ya kivuli ipandwe upande wa magharibi, watazamaji waliko, mwanzoni mwa masika. Shimo sentimita 60 kila upande, samadi debe moja, nafasi ya mita nane. Mkungu na mwarobaini vinakwenda. Mnazi usiwe karibu na watoto, nazi haiulizi. Muembe nao utaleta mawe angani kila msimu. Mti uliopo usikatwe bila kibali cha misitu.

Bembea ndizo zinazoumiza. Ikiwa bomba la juu liko mita 2.4, iacheni wazi mita 4.8 mbele na 4.8 nyuma, na mita 1.8 kila ubavu. Chini pawe na mchanga wa sentimita 30, si zege wala udongo ulioshindiliwa. Kwa bembea ya viti viwili hiyo ni kama mita za ujazo 19, gari tatu, na kila mwaka mtaongeza. Bomba liwe la mabati yaliyochovywa zinki. Linapoingia ardhini ndipo linapooza, kwa hiyo lipakwe lami sentimita 15 juu na 15 chini ya usawa wa ardhi. Ncha za juu zizibwe, maji yasiingie ndani. Magoli madogo ya kuhamishwa yafungwe chini kwa vigingi vya chuma au mifuko ya mchanga kila siku, hata siku isiyo na mechi, kwa sababu watoto huyapanda, yakawaangukia.

Mtu mmoja mwenye daftari apite kila Jumamosi: minyororo, misumari, mashimo, taka, mawe ya mpaka. Daftari hilo, pamoja na la mechi, lihifadhiwe.

Mkikuta vigingi asubuhi

Msing'oe. Mkivunja, kesi itageuka kuwa ya kwenu ya uharibifu wa mali. Pigeni picha zinazoonesha jiwe la mpaka na kigingi kwa pamoja, mkiweka tarehe. Nendeni kwa Sheha asubuhi hiyo. Siku hiyo hiyo barua iende kwa Mkurugenzi, Mkuu wa Wilaya, Kamisheni ya Ardhi na ofisi inayodhibiti ujenzi, ikiomba zuio, na nakala zote zigongwe muhuri. Endeleeni kucheza kwa ratiba ile ile. Kiwanja kisichotumika wiki mbili huanza kuitwa pori. Siku saba zikipita bila jibu la maandishi, tafuteni wakili wa kufungua shauri Mahkama ya Ardhi, au nendeni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, chenye ofisi Unguja na Pemba. Mchukue ramani iliyopimwa, mkataba, orodha ya saini za mkutano wa kwanza, na madaftari yote mawili.